Binti anataka kusoma sayansi nyingi kwa pamoja: tumjibu nini?



Juma lililopita, baada ya kugawa likelemba, tulikuwa bado tumekaa barazani kwa mama mtunza feza, tunangoja mvua ipite. Mmoja wetu akafungua mfuko wa plastiki, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Binti yake alikuwa ameandika juu yake kwa mkono jina la chuo kikuu, jina la fakulte na orodha ndefu ya kozi. Binti huyo amepata diploma ya serikali katika biolojia na kemia, tena kwa asilimia ambayo sisi walimu tulifurahi kuiona. Nyumbani kila mtu alidhani ataomba uuguzi. Yeye anataka lisansi ya mazingira na uhifadhi wa asili, masomo yanayochanganya biolojia, kemia, udongo, hesabu, uchumi na maisha ya jamii.

Baba yake mkubwa amekwisha kutoa jibu lake: "Muuguzi tunamjua. Mwanasheria tunamjua. Huyu akirudi hapa Mbau, tutamwita nani?"

Na feza ni ile ile moja. Kakao iliyovunwa mwaka huu ni ya shamba la karibu tu. Shamba la pili liko upande ambao hakuna anayethubutu kwenda. Mdogo wa binti, mvulana, bado yuko sekondari na minervali yake inangoja. Mama akatuuliza mbele ya wote: "Ninyi walimu, semeni. Haya ni masomo, ama ni kumpoteza mtoto?"

Tunakiri kwamba siku ile hatukujibu vizuri. Wakati wetu, kwenye masomo ya ualimu, kila kozi ilikaa chumbani mwake na kufunga mlango. Biolojia haikusalimiana na hesabu. Kwa hiyo tukaomba juma moja tuulize na tusome. Haya ndiyo tunayowaletea, kwa mama yule na kwa kila mama mwenye finalisti nyumbani.

Masomo haya ni nini?

Katika masomo tuliyoyazoea, mwanafunzi anachagua sayansi moja na kuingia ndani yake: kemia tu, ama hesabu tu. Katika masomo ya sayansi zilizounganishwa, safari inaanza na swali. Kwa nini chemchemi hii imekauka? Kwa nini muhogo wa kijiji hiki unaoza? Kwa nini nyani wanashuka mashambani? Kisha mwanafunzi anafundishwa sayansi zote zinazohitajika ili swali hilo lijibiwe.

Mara nyingi mwaka wa kwanza ni wa msingi: biolojia, kemia, fizikia, hesabu, takwimu na kompyuta. Hapo binti anakutana tena na mengi aliyoyaona sekondari, lakini kwa kina. Mwaka wa pili kozi zinaanza kushikana mikono: udongo pamoja na mimea, maji pamoja na afya, msitu pamoja na sheria na uchumi wa kijiji. Mwaka wa tatu kunakuwa na staji, kutembea porini ama vijijini, na kazi ya mwisho ambayo mwanafunzi anaiandika mwenyewe.

Si kwamba atajua kila kitu. Hakuna mtu anayejua kila kitu. Anakuwa na sayansi moja anayoisimamia vizuri, na nyingine anazielewa kiasi cha kuzungumza na wenye kuzijua. Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Masomo haya yanafundisha vidole kufanya kazi pamoja.

Tuangalie kakao yetu

Mama mmoja alituambia: "Hayo ni maneno ya wazungu." Basi tuache maneno, tuende shambani.

Tunapopasua tunda la kakao, mbegu zinatoka zimefunikwa na ute mweupe wenye sukari. Tunazirundika katika sanduku ama tunazifunika kwa majani ya ndizi, siku tano hadi saba, huku tukizigeuza. Ni nini kinachotokea ndani ya rundo lile? Kwanza hamira, ambazo ni viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, zinakula sukari na kutoa pombe. Ndiyo maana siku ya pili rundo linanuka kama kasiksi. Hiyo ni biolojia. Kisha bakteria wanageuza pombe ile kuwa asidi kama ya siki, na rundo linapata moto, hata kufika digrii 45 ama 50. Hiyo ni kemia. Moto na asidi vinaua chipukizi ndani ya mbegu, na hapo ndipo ladha ya chokoleti inapoanza kutengenezwa.

Halafu tunaanika. Mbegu inatakiwa ibaki na maji kiasi cha sehemu 7 ama 8 kwa mia. Ikizidi hapo, ukungu unaingia gunia zima. Ikikauka kupita kiasi, inavunjika na uzito unapotea. Hiyo ni fizikia. Matunda yanayooza na kuwa meusi mtini wakati wa mvua nyingi yanaletwa na kimelea kinachopenda unyevu na kivuli kizito; mwenye kujua hilo anapogoa miti na kuondoa matunda mabovu kabla ugonjwa haujaenea. Hiyo ni elimu ya magonjwa ya mimea.

Na bei? Bei inapangwa mbali, kwenye masoko ya London na New York. Mwisho wa mwaka 2024 tani moja ya kakao ilipita dola 12 000 kule, sababu mavuno ya Cote d'Ivoire na Ghana yalikuwa mabaya. Mwaka uliofuata bei ikashuka tena. Sisi tunaona tu mnunuzi amebadilisha bei asubuhi, hatujui kwa nini. Hiyo ni hesabu na uchumi.

Mnaona, wamama? Gunia moja la kakao lina sayansi tano ndani yake. Mtu aliyesoma kemia peke yake ataelewa rundo, lakini hataelewa bei. Aliyesoma uchumi peke yake ataelewa bei, lakini hatajua kwa nini gunia lako limekataliwa. Kijiji kinahitaji mtu anayeweza kukaa katikati yao.

Tulilipa deni la kutoelewana

Kuna mfano mwingine, nao unauma. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza Ebola, na kesi za kwanza zilikuwa Mangina, jirani zetu. Ugonjwa ule ulidumu hadi tarehe 25 Juni 2020. Watu 3 470 waliugua na 2 287 wakafa. Kila familia hapa ina jina la mtu inayemkumbuka.

Dawa zilikuwepo kuliko wakati wowote wa zamani. Chanjo ilipewa watu zaidi ya 300 000. Na dawa moja kati ya mbili zilizoonyesha nguvu ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola huko Kikwit mwaka 1995, kazi iliyofuatiliwa miaka mingi na Profesa Jean-Jacques Muyembe pamoja na wenzake wa nchi nyingine. Sayansi ya maabara haikukosekana.

Kilichokosekana mwanzoni ni kuelewana. Magari yalikuja, watu wenye nguo nyeupe wakashuka, marehemu wakabebwa kabla mama hajalia. Watu wakakataa, wengine wakarusha mawe. Mwezi wa Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, na tarehe 19 Aprili mwaka ule daktari Richard Mouzoko, aliyekuja kutoka Kamerun kutusaidia, aliuawa Butembo akiwa kazini. Tuliokuwa hapa hatujasahau.

Mambo yalianza kubadilika pale waganga walipokaa pamoja na watu wanaojua mila, lugha na hofu za wakaaji. Pale mazishi yalipofanywa kwa usalama lakini pia kwa heshima, familia ikitazama. Pale waliopona walipotumwa kuwatunza watoto ambao mama zao walikuwa wagonjwa. Ugonjwa wenyewe pia unagusa wanyama wa msituni, hivyo mjuzi wa wanyama naye alihitajika. Virusi haviulizi wewe ni wa fakulte gani.

Hatusemi kwamba masomo haya yangezuia Ebola. Tunasema tu kwamba tulilipa kwa machozi gharama ya watu wenye elimu ambao hawakujua kusemezana.

Yanapatikana wapi karibu yetu?

Wengi wanadhani masomo ya namna hii ni ya Ulaya tu. Sivyo. Katika teritwari ya Lubero kuna Chuo Kikuu cha Uhifadhi wa Asili na Maendeleo cha Kasugho. Kilianza mwaka 2003 kama kituo cha biolojia ya uhifadhi, kando ya hifadhi ya Tayna. Historia yake ni nzuri kuijua: machifu wa mila na wakaaji wenyewe walikubaliana kutenga msitu wao ili kulinda gorila wa mabonde, ambao duniani kote wanapatikana mashariki mwa Kongo peke yake. Serikali ikaitambua hifadhi hiyo mwaka 2006. Walipoona kwamba watoto wao hawawezi kulinda msitu bila elimu, wakaweka masomo pale pale kijijini. Jina la chuo linaunganisha mambo mawili, asili na maendeleo, kwa sababu huwezi kumwambia mtu mwenye njaa asiingie msituni bila kumwonyesha shamba.

Butembo kuna Chuo Kikuu Katoliki cha Graben, kilichoanza mwaka 1989, chenye fakulte ya kilimo, ya tiba ya wanyama na ya tiba ya watu. Kilimo nacho ni masomo ya kuchanganya: udongo, mimea, wadudu, hesabu na uchumi wa kijijini. Butembo pia kuna Chuo Kikuu cha Serikali cha Ruwenzori. Na hapa Beni, safari fupi kutoka Mbau, kuna Chuo Kikuu cha Kikristo cha Lugha Mbili, kilichofunguliwa mwaka 2007 na David Kasali na mke wake Kaswera. Pale wanafundisha kwa Kifaransa na Kiingereza, na wanafunzi wote, hata wa kompyuta ama uchumi, wanafanya pia kazi za mikono na huduma katika jamii.

Hatumtumi mtu kwenye chuo fulani. Tunawatajia ili mjue kwamba mlango hauko mbali.

Msichanganyikiwe na jina "lisansi"

Hapa wababa wengi wanakosea hesabu. Zamani mtoto alisoma graduat miaka mitatu, kisha lisansi miaka miwili, jumla mitano. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vya nchi yetu vimeingia katika mfumo mpya unaoitwa LMD. Sasa lisansi yenyewe ni miaka mitatu, nusu-mwaka sita, na mwanafunzi anatakiwa kupata kredi 180, yaani 60 kila mwaka. Anayetaka kuendelea anafanya masta, miaka miwili. Tiba ya watu inachukua muda mrefu zaidi.

Kredi moja ni saa 25 za kazi: darasani, kwenye mazoezi, na ile kazi ambayo mwanafunzi anaifanya peke yake usiku kwa taa. Na jambo kubwa kwa sisi wamama ni hili: katika mfumo huu, kredi ambayo binti amekwisha kuipata inabaki yake. Vita vikimkatisha, ama ugonjwa, ama mtoto akizaliwa, yale aliyoyafaulu hayatakiwi kufutwa. Kwa hiyo aombe karatasi ya alama zake mwisho wa kila mwaka, yenye muhuri na saini, na mama aitunze pamoja na kadi za kuzaliwa za watoto. Tumekimbia mara ngapi na kuacha karatasi nyumbani?

Tunayoyaogopa, na tuna haki

Baba mkubwa hakusema upuuzi. Ofisi nyingi zinajua kuandika "muuguzi" na "mwalimu", hazijui kuandika hili. Binti atakayemaliza atalazimika kueleza kazi yake kila anapokwenda. Kazi zipo katika hifadhi, mashirika ya kilimo na maji, kampuni za kakao na kahawa, miradi ya afya na shule, lakini hazimngoji mtu mlangoni. Asiyependa kutafuta atachoka.

Pili, masomo haya si mepesi. Wengine wanafikiri kuchanganya ni kupunguza, kama chai iliyotiwa maji. Mwanafunzi anayekimbia hesabu atakutana nayo tu: takwimu ziko kila mahali. Mtoto aliyefaulu kwa kukariri silabusi atapata shida, maana hapa anaulizwa, "Wewe unafikiri nini?"

Tatu, kuna barabara na kuna maisha. Kutoka Beni hadi Butembo ni kilometa 54 tu, lakini tangu mwaka 2014 sisi hatuhesabu njia kwa kilometa. Atalala kwa nani? Atakula nini mwisho wa mwezi? Na tuseme wazi lile ambalo wengi wanalinong'ona: kuna wanaume wanaouza alama kwa mwili wa msichana. Mwambieni binti kabla hajaondoka kwamba hakuna alama ya bei hiyo, na kwamba siku akiombwa, aje kwetu kwanza bila kuogopa kwamba tutamrudisha nyumbani. Wengi hunyamaza kwa sababu wanaogopa mama kuliko wanavyomwogopa mwenye kuwaharibu.

Mama mmoja wa Kenya

Alikuwepo binti wa wakulima wa Nyeri, Wangari Maathai. Mwaka 1960 alikwenda Marekani kusoma. Shahada yake ya kwanza, aliyoimaliza mwaka 1964, ilikuwa ya biolojia, na pembeni alisoma kemia na Kijerumani. Baadaye akaingia katika tiba ya wanyama, na mwaka 1971 akapata udaktari wa chuo kikuu kule Nairobi, mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na ya Kati.

Angeweza kubaki maabara. Lakini alisikiliza wamama wa vijijini wakilalamika kwamba kuni ziko mbali, mito inakauka na watoto hawali vizuri. Kwa sababu alikuwa amesoma mambo mengi, aliona kwamba malalamiko yale matatu yalikuwa jambo moja: miti ilikuwa imekatwa. Mwaka 1977 akaanza kupanda miti na vikundi vya wamama, vikundi kama hivi vyetu, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Wakati anasoma kemia na Kijerumani, hakuna mjomba wa Nyeri ambaye angejua amwite nani.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Mama asitume feza kwa simu kabla ya kwenda mwenyewe, ama kumtuma mtu anayemwamini, na kuuliza haya:

Je, serikali inatambua masomo haya hasa, na si chuo peke yake? Ombeni kuona karatasi ya ruhusa.

Kozi za miaka yote mitatu ni zipi? Chuo kizuri kina orodha iliyoandikwa, pamoja na kredi zake.

Kuna maabara inayofanya kazi? Wanafunzi wanatoka kwenda shambani ama msituni mara ngapi, na nani analipa safari hiyo?

Staji inafanyika wapi?

Waliomaliza wanafanya kazi gani leo? Ombeni kuzungumza na mmoja wao, hasa msichana.

Feza zote ni ngapi kwa mwaka, si minervali tu bali pia silabusi, maabara, staji na kazi ya mwisho? Zinaweza kulipwa kwa vipande?

Na swali la mwisho ni kwa binti mwenyewe: "Ni jambo gani unataka kulitatua?" Akijibu, "Rafiki yangu anakwenda huko," subirini kidogo. Akiwa na jibu lake, msikilizeni hadi mwisho.

Tulipofika

Tulirudi barazani na majibu haya. Mama alikuwa amekuja na binti, na baba mkubwa naye alikuja, akakaa karibu na mlango. Tulimwuliza binti swali lile la mwisho. Hakutaja kazi wala ofisi. Alisema: "Nataka kujua kwa nini kisima chetu kinatoa maji mekundu tangu msitu wa juu umekatwa, na kwa nini kila aliyetumwa kukiangalia aliangalia bomba tu."

Hakuna aliyesema neno kwa muda kidogo. Sote tunachota pale.

Hatukumaliza yote. Kundi limekubali kumpa mama zamu yake ya likelemba mapema, na mwenye zamu iliyofuata amekubali kusogea nyuma. Hiyo itatosha kuandikishwa na kulipa sehemu ya kwanza, bila kugusa minervali ya mdogo wake. Sehemu ya pili bado hatuijui. Itategemea kakao na itategemea usalama. Baba mkubwa hakusema ndiyo. Alisema atakwenda pamoja nao kukiona chuo, na akaomba ile orodha ya maswali aiweke mfukoni.

Wamama wa vikundi vingine, kama mna finalisti mwenye swali kama hili, njooni tuzungumze kabla ya mwaka wa masomo kuanza. Nanyi ambao mabinti wenu wamekwisha kupita njia hii, tuambieni walivyofanya, yaliyokwenda vizuri na yaliyokwenda vibaya. Tutayaandika hapa bila kutaja majina.